Karatasi Isiyo na Salamu

Barua za zamani zilikuwa na adabu zake. Marehemu baba yangu alikuwa na chuo cha Kurani pale Mwembesongo, mjini Morogoro, na alinifundisha kuandika kwa herufi za Kiarabu nikiwa bado sijavunja ungo. Kabla hajaniruhusu kuandika habari yoyote alinikalisha miezi nikiandika salamu tupu. Kwanza jina la Mungu. Kisha unamtaja unayemwandikia kwa heshima zake, unatoa salamu zako, unatoa salamu za kila aliye nyumbani, mkubwa kabla ya mdogo, na unaeleza afya ya kila mmoja. Baada ya hapo ndipo unaandika "ama baada", na chini yake habari yenyewe, ambayo mara nyingi haikuzidi mistari miwili: mbuzi amezaa, tuletee chumvi, mama anaumwa goti.

Siku moja nilimuuliza kwa nini tumalize wino namna ile.

"Anayefungua barua anatetemeka," akaniambia. "Salamu ndizo zinazomwambia kwamba hakuna aliyekufa. Akifika kwenye habari, moyo umekwisha kutulia."

Akanifundisha na kinyume chake. Barua ya msiba haina salamu. Mjumbe wa msiba hapigi hodi, hasemi hujambo, hapokei maji ya kunywa. Husimama mlangoni akasema neno lake. Karatasi nayo ni vivyo hivyo. Somo lile nililishika kuliko mengine yote aliyonifundisha, na ndilo lililonivunjia nyumba.

Baba alipofariki nilikuwa nimekwisha kuolewa. Mume wangu alikuwa mtu wa milimani, Mwislamu wa kwanza katika ukoo wao, na kazi yake ilikuwa upagazi. Alikuwa amekwenda pwani na mizigo ya watu mara nyingi hata bega lake la kulia likaota sugu ngumu kama kisigino. Wenzake walikuwa na wake mjini na vijijini, na wake hao walikuwa wakiniletea barua niwasomee. Nilijua mimba za watu kabla ya mama zao, na madeni yao, na wake wa pili waliofichwa Bagamoyo. Hakuna aliyenizidi kusoma isipokuwa walimu wenyewe. Namshukuru Mungu kwa elimu ile hata leo, lakini sitaficha kwamba ilinipa kiburi, na kiburi changu kilikuwa cha kimya, cha mtu anayeinamisha kichwa huku akijua kwamba wengine hawajui.

Kisha reli ikafika Morogoro. Watu wazima waliokuwa wakisifiwa kwa nguvu za shingo zao walisimama kutazama behewa moja likimeza mzigo wa msafara mzima. Wazee wengine wa upagazi hawakuamini. Kila asubuhi walishuka stesheni na kata zao za majani mkononi, zile za kuweka kichwani chini ya mzigo, wakangoja kuitwa. Hakuna aliyewaita. Watoto wakapata mchezo: walikuwa wakipita mbele yao wakisema, "Shikamoo babu, gari limechoka, kalibebe." Mzee mmoja alijibu marahaba kila siku, kwa sauti ya upole, mpaka siku moja hakuja tena, na watoto wakahamia kwa mwingine.

Mume wangu hakungoja. Alikwenda kwa mnyapara wa reli akapewa kadi ya kuwekwa alama kila siku aliyofanya kazi. Kadi ile waliiita kibarua, yaani barua ndogo. Haikupita miezi mingi watu wakaanza kumwita yeye mwenyewe kibarua, yeye na wenzake wote. Jina la karatasi likapanda juu ya mtu. Kazi ilikuwa kubeba mataruma ya chuma, yale yanayolazwa chini ya reli, na aliyabeba kwa bega lile lile. Aliyechelewa alilazwa chini akachapwa kiboko, hamsa ishirini, yaani mara ishirini na tano, na kuhesabu alitakiwa ahesabu mwenyewe kwa sauti. Akikosea hesabu, wanaanza upya.

Reli iliposonga kwenda bara, kambi ilisonga nayo. Wakati huo tulikuwa tumekaa miaka mitatu bila mtoto, na mama yake alikuwa ameanza kumtajia mabinti wa majirani mbele yangu, kwa majina, kama mtu anayechagua mbegu. Usiku wa kuamkia safari yake mume wangu aliniambia, "Wakituruhusu wake, nitakuita. Ukiitwa usilale siku ya pili. Kule tutakuwa wawili tu." Nikamwahidi. Mimi nikapanda mlimani kukaa na mama yake, kulima mahindi na maharage kwenye mteremko, na kungoja kuitwa. Sikuwa na tumaini jingine. Kama angeniita, ningekuwa mke. Kama asingeniita, mama yake angemaliza kuchagua.

Barua zake zilinifikia kwa mkono wa wasafiri. Yeye hakujua kuandika, lakini kambini palikuwa na mwandishi wa Kiarabu, na salamu zilikuwa zimekamilika, ukurasa mzima. Mama mkwe alikuwa akipenda nirudie pale alipotajwa yeye.

Asubuhi moja tulikuwa uani tunapura maharage. Akaja tarishi wa posta, amevaa kaki, jasho limemlowesha kwa kupanda mlima. Hakupiga hodi. Hakutuamkia. Alisimama penye ukingo wa ua akahema, akanyoosha karatasi, akasema, "Simu," yaani habari iliyokuja kwa waya, akageuka akashuka.

Maharage yalinidondoka. Niliifungua karatasi. Ilikuwa na mstari mmoja tu, na ulikuwa wa herufi za Kizungu. Niliigeuza juu chini.

"Soma basi, binti mwalimu," alisema mama mkwe.

"Herufi hizi sizijui, mama."

"Kumbe kipo usichokijua. Nimeishi mpaka nimekiona."

Ng'ambo ya kijito alikuwapo katekista wa misheni, mtu wa makamo, mkulima kama sisi, aliyefundishwa herufi zile na mapadre. Tulimkuta anapalilia kabichi zake. Alifuta mikono kwenye kaptura, akaishika karatasi kwa ncha za vidole, akasoma polepole, "Mumeo ametangulia. Njoo upesi."

"Anza juu," nikamwambia. "Salamu zake."

"Hazipo, dada."

"Soma tena."

"Nimesoma yote. Maneno manne. Mumeo, ametangulia, njoo, upesi."

Mama mkwe aliniangalia. Kiswahili chake kilikuwa cha milimani, kilichochanganyika na Kiluguru, na hakulielewa neno lile kama nilivyolielewa mimi. Kwetu mjini, kwa watu wa chuo, aliyekufa hatusemi amekufa. Tunasema ametangulia. Sote ni wa njia ile. Yeye amekwenda mbele kidogo.

"Ametangulia wapi?" aliuliza mama.

"Mbele ya haki," nikamjibu. "Mwanao amefariki, mama."

Hakulia. Alisema, "Karatasi haikusema hivyo."

Katekista naye akakohoa. "Dada, mimi si mtu wa kuingilia dini ya mwenzangu. Ila kwa Kiswahili chetu cha kawaida, mtu aliyetangulia ametangulia tu. Labda kambi imehama. Nikuandikie tuulize posta?"

Namkumbuka alivyosimama, jembe limeegemea paja lake, na uso wa mtu anayetaka kusaidia. Nilimjibu hivi, na Mungu ananisikia: "Nyinyi mmefundishwa herufi. Lugha hamkufundishwa."

Akanirudishia karatasi akaendelea kupalilia.

Njiani kurudi mama mkwe alinishika mkono kwa nguvu. "Imesema njoo. Hata kama amekufa, imesema njoo. Basi nenda. Gari lipo. Nenda ukaone kaburi."

"Mjane hatoki, mama. Nina eda, miezi minne na siku kumi. Sheria hainiruhusu kusafiri."

"Sheria gani inayomkataza mtu kwenda kumwona mwanangu?"

"Ya Mungu," nikasema.

Wala sikuwa nikidanganya. Nilikuwa na maumivu ya kweli, lakini ndani ya maumivu yale palikuwa na kitu kingine, kama mtu aliyeulizwa swali gumu darasani akalijua jibu. Nilikuwa na dalili mbili: mjumbe asiyepiga hodi na karatasi isiyo na salamu. Nilimtumia habari mwanafunzi wa zamani wa baba aliyekuwa ameshika chuo chake mjini. Alipofika hakuuliza swali hata moja. Alisema binti wa mwalimu wake hawezi kukosea katika karatasi. Wanaume wakapanga safu uani wakamsalia mume wangu sala ya maiti asiyekuwapo, takbira nne, bila rukuu wala sijida, wakielekea kibla juu ya maharage yetu ambayo hakuna aliyekumbuka kuyaanua.

Siku ya tatu walikuja watani. Ukoo wa mume wangu una watani wao, na katika msiba mtani ana ruhusa ya kusema lolote na mfiwa hana ruhusa ya kukasirika. Aliyewaongoza alikuwa mwanamke mnene mwenye sauti ya kiume. Alijifunga blanketi, akaweka chungu kilichotoboka kichwani kama bomba la gari, akawa anajimwagia majivu ili yafanye moshi. Alizunguka ua mzima akikanyaga kwa kishindo.

"Nipisheni, nipisheni, nimetangulia. Nani ananililia huku? Mimi nimo garini nakula mayai."

Watu walicheka huku wakifuta machozi, kama ilivyo ada. Akaja mpaka kwenye kona niliyokaa, nimejifunika kaniki, akainama nikasikia harufu ya majivu.

"Mjane, mbona umekaa? Mumeo anakungoja stesheni. Amechoka kukutazamia, wenzake wanamcheka. Unataka tukubebe kichwani kama mzigo, au wapagazi wamekwisha?"

Walicheka zaidi. Mimi niliuma meno nikasoma kimoyomoyo. Alidai kuku wake akapewa, akaondoka na chungu chake. Katika watu wote waliosema neno juu ya karatasi ile, yeye peke yake aliisoma sawasawa, na aliisoma kwa mzaha.

Ukaja ugawaji. Kwa Waluguru mali ya mtu huenda kwa watoto wa dada yake, na mpwa wake mkubwa, mtu mwenye mke tayari, hakuchelewa. Alichukua jembe, mbuzi wawili, blanketi la pili, na koti la kaki ambalo mume wangu alikuwa amelinunua pwani na kuliacha nyumbani lisichakae. Mama mkwe alimwambia, "Kabla hujalivaa, panda gari uende kambini ukaulize mjomba wako kazikwa wapi." Akajibu kwamba askari wanakamata watu stesheni kupeleka kwenye kazi ya lazima. Ni kweli walikuwa wakikamata. Lakini aliposema hivyo alikuwa amekwisha kulifunga vifungo.

Mimi niliambiwa kwamba shamba si langu, nalilima kwa hisani. Mama mkwe ndiye aliyeninyoa. Aliniambia nimeita kifo kwa kusoma, kwamba nyumba isiyo na msomaji haiwezi kuletewa karatasi mbaya. Nilistahimili. Niliona kwamba huo ndio mtihani wangu, na subira yangu itaandikwa.

Siku moja alipotea tangu alfajiri. Alirudi alasiri, ana alama nyekundu ya fimbo kwenye shavu. Alikuwa ameshuka mpaka bondeni kwenye nguzo za simu akaweka sikio, mpaka mlinzi wa njia alipomwona akamfukuza.

"Hajafa," alisema, na uso wake ulikuwa umetulia kwa mara ya kwanza. "Nimemsikia. Anavuma mle ndani. Haachi."

"Ule ni upepo, mama."

"Najua upepo. Nimezaliwa mlimani, huwezi kunifundisha upepo."

"Kumlilia aliyekwisha kusaliwa kama yu hai ni kumkatalia Mungu hukumu yake. Tubu."

Baada ya hapo hakunizungumzisha mpaka eda ilipoisha, isipokuwa kunituma maji.

Nilikuwa nimetoka edani siku tisa. Tulikuwa uani, mimi napepeta, mama anamenya ndizi, mpwa amekuja na koti lake kuomba moto. Tukasikia hodi. Ikapigwa mara tatu kwa utaratibu, na hakuna aliyeitikia, kwa kuwa sote tuliijua sauti.

Aliingia. Amekonda, nywele zimejaa vumbi jekundu la bara, bega moja limeshuka kuliko lingine. Ungo ulinitoka mikononi. Mama yake hakukimbia kama nilivyodhani angekimbia. Aliinuka, akamgusa kifua, akamgusa masikio, akarudi kukaa akaendelea kumenya ndizi, akimenya maganda na nyama pamoja.

"Mbona hamniitikii hodi?" alisema mume wangu. "Kule stesheni mtu mmoja amenipa pole kwa kufa kwangu. Nikamwambia ahsante."

"Shikamoo, mjomba," alisema mpwa.

Mume wangu hakusema marahaba. Alilitazama koti. Mpwa akaanza kufungua vifungo, kimoja kimoja, akalivua, akabaki kifua wazi ameshika koti mbele yake kama mtu anayeoga.

"Livae," mume wangu akamwambia. "Umelirithi kihalali." Kisha akauliza, "Karatasi alisoma nani?"

"Katekista," nikasema.

"Akasema nimekufa?"

"Alisema umetangulia."

"Basi nani aliyesema nimekufa?"

Mama ndiye aliyejibu, bila kuondoa macho kwenye ndizi. "Mkeo. Mimi nilikataa. Nilimwambia nenda, akaniletea sheria."

"Haikuwa na salamu," nikasema. Nilijisikia kama mtoto. "Haikuwa na salamu hata moja."

"Nilizitoa," alisema. "Nilizitoa zote. Zako, za mama, za huyu mwenye koti. Nikasema, ama baada, mke wangu, mumeo ametangulia mbele na reli kwenye kambi mpya, njoo upesi, panda behewa la wake, utanikuta. Mtu wa waya akacheka. Akaniambia waya haubebi salamu, kila neno lina bei, chagua. Nikamwambia mimi sijui kuchagua, bakiza yale ya lazima. Akabakiza."

Akakaa chini. Aliyoeleza baada ya hapo aliyaeleza bila kupandisha sauti. Mnyapara mkuu aliruhusu wanaume sita walete wake, na kila mmoja akapewa kibanda. Behewa la wake lilipofika alikwenda kulipokea. Wakateremka wanawake watano na vyungu na kuku wao. Siku ya pili akaenda tena, na ya tatu. Siku ya nne aliacha kazi saa za kazi ili awahi gari, akalazwa chini akapigwa hamsa ishirini, akahesabu mwenyewe. Wenzake wakamwambia mkewe ametangulia kwa mwingine. Siku ya sita kibanda kikapewa mtu mwingine, naye akapelekwa mbele zaidi, kwa wanaokata pori, mahali ambapo hakuna msafiri anayepita. Alikaa huko akiamini kwamba niliitwa nikakataa.

"Nilisaliwa?" akauliza.

"Ulisaliwa."

"Takbira ngapi?"

"Nne."

"Na eda umekaa?"

"Nimekaa yote."

Alitikisa kichwa taratibu, kama mtu aliyeletewa hesabu akaiona sawa. "Basi maiti hana mke," akasema. Alikunywa maji aliyopewa na mama yake, akamuaga, akashuka mlima. Jembe lake lilikuwa limeegemea ukuta. Hakuligusa.

Nilibaki na maneno matatu, maiti hana mke. Nilikuwa nimesoma mlango wa talaka kwa baba, na nilijua kwamba maneno ya wazi hayaulizwi, lakini maneno ya fumbo huulizwa aliyeyasema, nia yake ilikuwa nini. Kama alisema kwa hasira tu, mimi nilikuwa bado mke wake. Usiku kucha niliyapindua maneno yale. Kulipokucha nilijikuta nimekwisha kupata maana tatu zilizoniridhisha, zote za kunibakisha ndani ya ndoa, na kila moja ina dalili yake kitabuni. Hapo nikaingiwa na hofu, kwa kuwa nilijitambua. Ndivyo nilivyoisoma na karatasi.

Kwanza nilivuka kijito. Katekista alikuwa anafunga kabichi kwa ajili ya soko. Nilimwomba radhi. Aliendelea kufunga.

"Mimi nilisoma yaliyokuwapo, dada," alisema. "Mengine uliyaongeza wewe." Kisha akaongeza kwamba amenisamehe, na kwamba atamwombea mume wangu. Miaka ya baadaye yeye ndiye aliyenifundisha herufi za Kizungu, na hakuwahi kunikumbusha neno nililomwambia. Ningefurahi zaidi kama angenikumbusha.

Kisha nikashuka mjini, na mama mkwe akanifuata bila kuitwa. Tulimkuta mume wangu stesheni. Vibarua walikuwa wamepakiwa katika behewa lisilo na paa, wamekaa juu ya mataruma, na gari lilikuwa limekwisha kuanza kutoa moshi. Alikuwa amekaa ukingoni, miguu inaning'inia. Wenzake walipotuona wakaanza.

"Kibarua, umeletewa sanda?"

"Huyo ndiye mjane wako? Mzuri. Nikifa na mimi anililie."

Nilisimama chini yake. Ilinibidi nipaze sauti kwa ajili ya mvumo wa gari, kwa hiyo kila mtu alisikia. "Neno ulilosema jana uani. Ulikusudia talaka?"

Aliniangalia kama unavyomwangalia mtu usiyemkumbuka vizuri. "Wewe ndiye msomaji," akasema. "Soma."

Wakacheka, mmoja akapiga makofi juu ya chuma. Uso wake ulikuwa pale juu yangu, karibu. Nadhani ningeweza kuusoma. Nadhani mtu yeyote angeweza.

"Safari hii sisomi," nikamwambia. "Sema mwenyewe."

Gari lilitikisika, likashtua mabehewa moja baada ya jingine. Alishika ukingo asianguke.

"Nilikusudia," akasema.

Nilimshukuru. Ilikuwa adabu kumshukuru, alinitoa katika shaka.

Tulipanda mlima mimi na mama mkwe, ambaye hakuwa tena mkwe wangu. Lakini mwanamke aliyeachwa talaka moja hukaa eda yake katika nyumba ya mume, asitolewe wala asitoke, na mume hakuwa na nyumba nyingine, kwa hiyo ilinibidi nirudi kwa mama yake. Nilimweleza hivyo njiani. Alisikiliza hadi mwisho.

"Hii nyingine ni ya siku ngapi?" aliuliza.

"Tohara tatu za baada ya hedhi, mama. Kama miezi mitatu."

"Basi utanisaidia kupalilia."

Talaka moja ina mlango wa kurudi. Mume akitaka kumrejea mkewe kabla eda haijaisha, neno moja linatosha, hata ndoa mpya haihitajiki. Hilo sikumwambia, lakini nadhani alilijua, maana kila gari lilipolia bondeni aliacha jembe akasimama, na hakuinama tena mpaka moshi ulipopotea nyuma ya miti. Mimi niliendelea na mstari wangu. Tulipalilia mahindi, tukapalilia maharage, tukaanza muhogo. Ikaingia tohara ya tatu, ikaisha. Nilifunga mkeka wangu na msahafu wa baba, nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba bila kuacha kazi, nikashuka.

Mungu alinipa baadaye mume mwingine na watoto wanne, na kwa hilo sina la kumdai. Wa kwanza sikumwona tena.